Sileji ya mabingobingo Dar es Salaam: kukata, kushindilia na kulisha bila hasara

Mwezi Mei majani yanamshinda mfugaji wa Dar es Salaam. Septemba huyohuyo anayatafuta kwa bodaboda mpaka Kisarawe, na anachorudi nacho ni mabua yasiyo na jani. Sileji, yaani majani yaliyokatwakatwa, kushindiliwa na kuchachushwa bila hewa, ni njia ya kuchukua chakula cha Mei kikaliwe Septemba, na kazi yake inaishia hapo. Majani yaliyoingia kwenye pipa yakiwa yamekomaa yatatoka yamekomaa, na hakuna kiasi cha molasesi (shira nzito inayobaki kiwandani sukari ikitengenezwa) kitakachoyarudishia utoto.

Maelekezo mengi yanayosambaa yameandikwa kwa ajili ya sileji ya mahindi, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mahindi yaliyokatwa punje zikiwa na ute mzito yana sukari ya kutosha na ukavu wa kutosha. Hata ukikosea kidogo yanajichachukia yenyewe. Mabingobingo, majani ya gini na ndugu zao wa ukanda wa joto wana kasoro tatu kwa wakati mmoja. Yakiwa machanga yana maji asilimia 80 au zaidi. Sukari yake ni kidogo. Na shina lake gumu linakataa kulala, kwa hiyo linaacha mianya ya hewa. Kila hatua iliyoelezwa hapa chini inapambana na mojawapo ya kasoro hizo.

Kinachoendelea ndani ya pipa

Anayejua mtindi au togwa ameshaelewa nusu ya habari. Bakteria wa asidi ya laktiki wapo tayari kwenye majani. Wakikosa hewa na wakipata sukari, wanaigeuza sukari hiyo kuwa asidi, uchachu unapanda, na pH (kipimo cha uchachu: ikishuka, uchachu umezidi) ikifika 4.2 au chini yake vijidudu vya kuozesha vinasimama. Chakula kinabaki kama kilivyo kwa miezi mingi, maadamu hewa haingii.

Mambo mawili huvuruga mpango huo. Hewa ikibaki ndani, majani yanaendelea kupumua, yanakula sukari ambayo bakteria walikuwa wanaihitaji na yanatoa joto. Joto likipita nyuzi 40 na kukaa huko, protini inashikamana na sukari na ng'ombe hawezi tena kuimeng'enya; sileji inanukia vizuri kama sukari iliyoungua, lakini lishe imeshaondoka. Maji yakizidi, huja klostridia, bakteria wanaotoka kwenye udongo na samadi. Hawa hula ile asidi nzuri, hutoa asidi ya butiriki inayonuka kama siagi iliyoharibika, na huivunja protini kuwa amonia. Ndiyo maana mchanga kwenye majani unapaswa kuogopwa kama mvua.

Kalenda ya Dar

Tatizo la jiji hili ni kwamba majani yanakuwa bora kabisa wakati wa masika, Machi hadi Mei, yaani wakati ambao huwezi kunyausha kitu. Ukikata katikati ya Aprili unafungasha maji. Ukisubiri mpaka Julai unafungasha kuni.

Suluhisho ni kuhesabu kurudi nyuma. Katikati ya Aprili kata shamba lote, hata kama majani yamezidi mahitaji. Walishe mifugo mabichi au yauze. Weka samadi mara moja na palilia. Machipukizi yatakuwa na wiki saba hivi mwanzoni mwa Juni, mvua zikiwa zimepungua na upepo wa kusi umeanza kukausha. Hapo ndipo pa kutengeneza sileji ya kiangazi kirefu. Anayetumia mbolea ya chumvichumvi ya naitrojeni aiweke mara tu baada ya mkato wa Aprili. Akiiweka wiki mbili kabla ya kuvuna, majani yatabeba naitreti nyingi, ambayo ni hatari kwa mnyama.

Nafasi ya pili ni Januari, kati ya vuli na masika. Ukikata kusawazisha mwishoni mwa Novemba, machipukizi yanakuwa tayari katikati ya Januari, jua la kaskazi likiwa kali. Sileji hiyo inavusha mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi.

Majani ya kutumia

Mabingobingo, kwa wengine majani ya tembo, ndiyo yanayopatikana kirahisi zaidi na ndiyo yanayotoa mzigo mkubwa. Yakate yakiwa na urefu wa mita 1 hadi 1.2, kwa kawaida wiki ya sita hadi ya nane. Mita mbili zinapendeza machoni na zinajaza pipa haraka, lakini nusu ya mzigo huo ni shina ambalo ng'ombe atalibagua horini. Majani ya gini na brakiaria yana jani jingi na hushindilika vizuri; yakate kabla mashuke ya maua hayajatoka. Majani ya Guatemala yanavumilia ukame, ila lishe yake ni ndogo na yanahitaji molasesi zaidi. Rhodes na nyasi nyingine nyembamba ni afadhali kuzifanya hei, zikauke zifungwe marobota.

Mtama au mahindi ukiwa nayo, hata robo ya mzigo, changanya. Sukari yake inawasaidia wenzake.

Mikunde kama lukina na gliriksidia huongeza protini, lakini majani yake hupinga uchachu: yanahitaji asidi nyingi zaidi ili pH ishuke. Isizidi kilo 25 katika kila kilo 100 za mchanganyiko, na inyaushwe kwanza. Pipa la lukina tupu halitakuwa sileji, litavunda.

Neno moja kuhusu majani ya kukata bure. Kandokando ya Mto Msimbazi na mifereji inayopokea maji ya viwandani majani hustawi ajabu, na ukiyaona utashawishika. Yaache. Mto ule unabeba madini mazito, na yakifika kwenye majani yanaweza kufika hadi kwenye maziwa. Anayetaka kuanzisha shamba lake aulizie mbegu katika shamba la malisho la serikali la Vikuge, Kibaha, au atafute vipandikizi vya mabingobingo kwa wafugaji wenzake. Mabingobingo yaliyodumaa yenye majani ya njano yasichukuliwe kabisa kama mbegu, kwa sababu huo ni ugonjwa na utahamia shambani kwako.

Hesabu kabla ya panga

Ng'ombe wa maziwa mwenye kilo 400 hivi atakula kilo 20 za sileji kwa siku pamoja na vyakula vingine. Kiangazi cha siku 100 ni tani mbili. Ongeza asilimia 15 ya hasara, unapata kilo 2,300 kwa kila ng'ombe.

Hizo ni kilo za majani yaliyokwisha kunyauka. Majani mabichi yenye mada kavu asilimia 18 (mada kavu ni kile kinachobaki maji yote yakitoka) yanapaswa kufikia asilimia 30. Kwa lugha ya mizani, kila kilo 100 mbichi zibaki 60. Kwa hiyo unahitaji kukata kama kilo 3,800 kwa ng'ombe mmoja. Ekari moja ya mabingobingo iliyotiwa samadi hutoa takriban tani nne hadi sita mbichi kwa mkato mmoja. Kwenye kichanga cha Kigamboni kisicho na samadi usitegemee hata nusu yake.

Chombo kiendane na midomo

Hili hupuuzwa kuliko yote. Sileji ikifunguliwa, hewa inaingia na saa inaanza kuhesabu. Kwa joto letu unatakiwa kumaliza angalau sentimita 15 za kina kila siku, la sivyo hamira na ukungu vitakutangulia. Chombo kikubwa kwa mifugo michache ni njia ya uhakika ya kutupa chakula.

Pipa la plastiki la lita 200, lenye mdomo mpana na kifuniko cha pete, hubeba kilo 100 hadi 120 zilizoshindiliwa vizuri. Ng'ombe mmoja hulimaliza kwa siku tano au sita, jambo zuri. Pipa lililokuwa na dawa za viwandani halifai hata likioshwa mara kumi. Nunua lililobeba mafuta ya kula au juisi.

Mfuko mrefu wa nailoni nzito, geji 1000, upana wa mita 1.5 ukiwa umelazwa na urefu wa mita 2.5, hubeba kilo 450 hadi 500. Huo ni wa mwenye ng'ombe watatu au zaidi. Kwa ng'ombe mmoja utakaa wazi wiki tatu, na wiki ya pili utakuwa unalisha ukungu. Nailoni ya aina hii hununuliwa kwa mita, Kariakoo ipo. Shika uisikie uzito, kwani nyembamba hutobolewa na ncha za mabua siku ya kwanza.

Kwa mbuzi, tumia mifuko ya kilo 25 hadi 30: mfuko wa nailoni usiopitisha hewa ndani, salfeti nje kuulinda. Salfeti peke yake inapitisha hewa kama wavu.

Shimo ni nafuu kwa mwenye ng'ombe kumi, lakini Dar si mahali pa kuchimba bila kupima. Maeneo ya karibu na bahari na mabondeni maji ya ardhini yako juu, na kichanga kinaporomoka. Chimba kwenye mwinuko tu, kama Pugu au Goba. Shimo la mita 2 kwa 1 kwa 1 linabeba tani moja. Sakafu iwe na mteremko kidogo, kuta zitandikwe nailoni, na mfereji uchimbwe kuzunguka juu ili maji ya mvua yasiingie.

Siku ya kazi

Panga ukubwa wa kazi ili chombo kinachoanzwa kifungwe siku hiyohiyo. Watu watatu wenye mashine ndogo ya kukatakata watamaliza mfuko mmoja wa nailoni kwa siku bila haraka. Kwa mapanga matupu, hesabu mapipa mawili. Mashine yako ikiwa ya umeme, weka mapanga yaliyonolewa pembeni. Umeme ukikatika saa nane mchana majani hayatakusubiri.

Kata asubuhi umande ukishakauka, ukiacha visiki vya sentimita 10 hadi 15. Visiki virefu kiasi hicho vinasaidia shamba kuchipua na vinaepusha mchanga. Majani yasiburutwe chini. Yabebwe yatandazwe juu ya turubai.

Kunyausha mabingobingo yakiwa mazima kuna mtego: jani linakauka mpaka linakatika huku shina bado linatoa maji. Kwa kazi ndogo ni bora kuyakatakata kwanza, vipande vya sentimita 2 hadi 3, kisha kuyatandaza kwa unene usiozidi sentimita 5 na kuyageuza kila nusu saa. Kipande kirefu kuliko hapo hakishindiliki. Anayelisha mashine asisukume majani kwa mkono. Atumie kijiti, na mikono mirefu ya shati ikunjwe.

Muda wa kunyausha usiupime kwa saa. Jua la Juni lenye upepo linaweza kumaliza kazi kabla ya alasiri. Siku ya mawingu hutamaliza. Pima kwa kiganja. Chukua konzi ya majani yaliyokatwakatwa, kamua kwa nguvu kwa nusu dakika, kisha fungua mkono. Maji yakichuruzika na tonge likabaki lilivyo, bado ni mabichi mno. Tonge likibaki bila maji kudondoka, kiganja kikiwa na unyevu tu, uko karibu asilimia 25 hadi 30. Tonge likifumuka polepole, hapo ndipo penyewe. Likisambaratika mara moja yamekauka kupita kiasi na hayatashindiliwa. Nyunyizia maji kidogo au yachanganye na mabichi.

Anayetaka uhakika apime gramu 100 kwenye mizani ya jikoni, azikaushe kwenye sufuria juu ya moto mdogo sana huku akikoroga, mpaka uzito usipungue tena. Zikibaki gramu 30, mada kavu ni asilimia 30.

Mvua ikikukuta majani yako nje, yaingize chini ya paa na yasambaze. Usiyarundike yalale. Lundo la majani mabichi huwaka joto usiku mmoja, na sukari uliyokuwa unaitegemea inaishia hapo. Kama huna namna ya kunyausha kabisa, ongeza pumba za mahindi kilo 10 kwa kila kilo 100 za majani. Zinafyonza maji na kupandisha majani ya asilimia 20 hadi kama 26. Inafaa, ila ni ghali kuliko jua.

Molasesi na vingine vya kuongeza

Kwa kila kilo 100 za majani yaliyonyauka, tumia kilo 3 za molasesi. Ukiweka mikunde, panda hadi kilo 4 au 5. Molasesi ni nzito kuliko maji, lita moja ni kama kilo 1.4, kwa hiyo kilo 3 ni lita mbili na kidogo. Dumu la lita 20 linatosha mifuko miwili mirefu ya nailoni. Molasesi ya soko letu kwa kawaida inashuka kutoka viwanda vya sukari vya mkoani Morogoro, yaani Kilombero na Mtibwa. Jihadhari na iliyochakachuliwa kwa maji. Nzuri inatiririka polepole kama asali na haiachi tabaka la maji juu ikitulia.

Izimue kwa maji kiasi sawa na chenyewe, si zaidi. Ulihangaika kutoa maji, usiyarudishe. Nyunyiza kwa keni ya bustani tabaka kwa tabaka, nusu ya kiasi ukiichanganya majani yakiwa bado kwenye turubai. Kuimwaga yote juu mwishoni kunatengeneza pipa lenye kichwa kitamu na miguu iliyooza.

Ukikosa molasesi, unga wa makopa au pumba, kilo 5 hadi 8 kwa kila 100, ni afadhali kuliko kutoweka kitu. Vinasaidia zaidi kwa kunyonya maji kuliko kwa sukari, kwa sababu wanga hauchachuki haraka kama sukari, kwa hiyo kunyausha kuwe kwa makini zaidi. Machicha ya bia yana maji karibu robo tatu ya uzito wake. Kuyachanganya na majani mabichi ni kuongeza mafuriko.

Urea usiweke. Inafaa mahali sukari ni nyingi. Kwenye mabingobingo inageuka amonia inayozuia pH isishuke. Chumvi haina kazi hapa, ipe mifugo horini.

Dawa za bakteria wa kuchachusha zipo, na kwa majani yenye sukari zinasaidia. Kwa majani haya weka sukari kwanza. Kuwaleta bakteria bila chakula ni kualika wageni nyumba isiyo na ugali. Ukizitumia, usizikorogee kwenye maji ya DAWASA yaliyotoka bombani sasa hivi, kwani klorini itawaua. Acha maji kwenye ndoo wazi usiku mzima kwanza.

Kushindilia

Ukibana muda mahali pengine, hapa usibane. Weka tabaka la sentimita 10 hadi 15, mtu aingie ndani ya pipa akiwa na buti safi au miguu iliyooshwa, akanyage akizunguka. Kingo ndizo zinazosahaulika, kwa sababu mtu kwa kawaida husimama katikati. Ukungu mwingi huanzia ukutani. Tabaka limekamilika kidole cha shahada kikisukumwa hakipiti pingili ya kwanza. Kisha tabaka jingine.

Mfuko wa nailoni unahitaji kushikiliwa umbo. Funga mwisho mmoja kwa ukanda wa mpira wa tyubu, geuza mfuko ili fundo libaki ndani, usimamishe ndani ya pipa lisilo na kitako au fremu ya mbao, na jaza huku ukipandisha fremu. Ukibakiza nusu mita, sukuma hewa kwa kifua na mikono kuanzia chini, sokota shingo, ikunje mara mbili na funga kwa tyubu tena. Kamba ya katani peke yake hulegea.

Pipa lijazwe mpaka juu kabisa, likiwa na kilima kidogo, kwa kuwa litashuka. Tandika karatasi la nailoni juu ya majani, weka kifuniko, kaza pete, bandika mkanda wa gundi kwenye maungio yake. Kwenye shimo, majani yapande nusu mita juu ya usawa wa ardhi yakiwa na umbo la mgongo, yafunikwe nailoni, kisha udongo wa sentimita 15 hadi 20 au matairi yaliyobanana.

Siku mbili tatu za kwanza mfuko utavimba. Hiyo ni hewa ukaa ya uchachukaji; usiutoboe, utanywea wenyewe. Kwa sababu hiyohiyo mtu asiingie kwenye shimo lililofungwa karibuni akiwa peke yake, maana hewa ukaa inatulia chini na haina harufu. Moshi wa rangi ya kahawia ukionekana wiki za mwanzo, ondoa watu na mifugo, ni sumu.

Miezi ya kungoja

Usifungue kabla ya siku 30. Kwa majani haya wiki sita ni bora zaidi. Weka mapipa na mifuko kivulini, juu ya mbao au mchanga uliopepetwa, kwani jua linapasua nailoni na kuipasha sileji.

Adui wa Dar ana mabawa. Kunguru wanadonoa kila kinachong'aa, na tundu la mdomo wa kunguru linatosha kuozesha debe zima. Funika mifuko kwa salfeti kuukuu au chandarua kisichotumika. Panya wanafuata pumba; fagia zilizomwagika, na acha nafasi ya kutembea kati ya mifuko uweze kukagua kila wiki. Tundu lizibwe siku hiyohiyo kwa mkanda wa gundi, sehemu ikiwa imefutwa kavu.

Kufungua na kusoma harufu

Sileji nzuri ina rangi ya kijani-njano au kama zeituni changa, vipande vinaonekana bado ni jani na shina, na harufu ni ya tunda lililoiva au togwa ya siku mbili. Ukiikamua haiachi ute. Karatasi ya kupimia pH ikisoma kati ya 3.8 na 4.2 umefaulu, hadi 4.5 kwa majani yaliyonyaushwa sana bado inafaa.

Harufu kali ya siki inaonyesha majani yaliingia na maji mengi, uchachu ukachelewa. Inalishika, ingawa ng'ombe wataila kwa kusitasita. Ianike horini nusu saa kwanza. Harufu ya siagi mbovu inayobaki mkononi hata baada ya kunawa, pamoja na utelezi, ni butiriki: maji au mchanga uliingia. Usimpe ng'ombe mwenye mimba kubwa wala aliyezaa karibuni, na ikiwa nyingi ipeleke kwenye shimo la mbolea. Harufu ya mkojo ni protini iliyovunjika. Rangi ya kahawia yenye harufu ya tumbaku ni joto. Haina madhara makubwa, ila usiihesabu kama chakula cha protini.

Ukungu ni jambo jingine. Ukiwa mweupe, wa kijani, mweusi au wa waridi, utupwe pamoja na sentimita 10 za sileji inayouzunguka, hata kama inaonekana safi, kwa sababu sumu yake husambaa mbali kuliko macho yanavyoona na huweza kutokea kwenye maziwa. Mbuzi na kondoo ni wepesi zaidi kudhurika na sileji yenye udongo au iliyoharibika: huugua ugonjwa wa ubongo unaowafanya wazunguke upande mmoja, na wenye mimba huiharibu. Ukikuta mzoga wa panya ndani, usijaribu kuokoa kilicho jirani yake.

Horini

Anza na kilo 3 hadi 5 kwa siku, ukichanganya na majani aliyozoea, na ongeza mpaka kilo 20 ndani ya siku 7 hadi 10. Mabadiliko ya ghafla yanaharisha na kupunguza maziwa. Mbuzi wa maziwa anatosheka na kilo 1.5 hadi 3. Ndama chini ya miezi minne asipewe. Tumbo lake bado.

Lisha baada ya kukamua, si wakati wa kukamua, kwa sababu harufu ya sileji inaingia kwenye maziwa na mteja atailalamikia kabla wewe hujaisikia. Kilo 20 zenye mada kavu asilimia 30 ni kilo 6 tu za chakula kikavu, wakati ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama 12. Sehemu iliyobaki iwe hei kidogo, pumba, mashudu ya alizeti au pamba, na madini. Protini ya sileji ya mabingobingo huwa asilimia 7 hadi 9, na anayetoa lita 10 anahitaji chakula chenye 13 au 14 kwa ujumla. Ukiondoa mashudu kwa kuwa "sasa kuna sileji", maziwa yatakujibu wiki hiyohiyo.

Toa ya siku moja tu, kwa kukata wima au kuondoa tabaka sawasawa, bila kufukua katikati. Rudisha nailoni, ikandamize igusane na sileji, funika. Pima kwa mkono kila asubuhi: uso wa sileji ukiwa wa moto, hamira imeshaanza kazi, ongeza kasi ya kulisha au gawia jirani. Mabaki ya horini yaondolewe kabla ya kuweka mapya. Pipa likiisha, lioshe, lianikwe jua likiwa limepinduliwa, na kagua pete ya kifuniko kabla ya Januari.